Mwendo, moshi na hesabu ya tajiri

Ukitaja kupunguza mwendo, dereva wa hapa Unguja huwaza mambo mawili: ajali, na trafiki aliyejibanza chini ya mwembe na tochi yake ya kupimia mwendo. Moshi haumjii akilini kabisa. Mwambie kuna nchi zimeshusha mwendo kwa ajili ya hewa, atakuuliza: hewa hiyo ndiyo itakayonilipia hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye gari?

Si swali la kubeza. Hata Uholanzi, kwenye barabara pana zisizo na tuta, watu walinung'unika. Tangu Machi 2020 mwendo wa mchana kwenye barabara kuu za huko ulishushwa mpaka kilomita 100 kwa saa, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni. Nyingi zilikuwa 130. Sababu ilikuwa gesi chafu za naitrojeni: mahakama ilikuwa imekwamisha vibali vya ujenzi, ikabidi serikali itafute pa kupunguza, ikaanzia kwa madereva. Wales nayo ilishusha mwendo kwenye makaazi mpaka kilomita 32 mwaka 2023, hasa kwa ajili ya usalama, na watu zaidi ya 400,000 wakatia saini kupinga.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Upepo unaoizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukishuka kutoka 130 mpaka 100, kizuizi cha upepo hupungua kwa asilimia 41 hivi. Tena injini inayobebeshwa mzigo mkubwa huchoma kwa joto kali, na joto hilo ndilo linalozalisha gesi za naitrojeni. Kwa hiyo Waholanzi walikuwa na cha kuokoa.

Sisi cha kuokoa tunacho kidogo kuliko wao. Chukua sehemu iliyonyooka baada ya Tunguu, kwenda msitu wa Jozani. Anayekwenda 80 anakabiliwa na upepo uliozidi kwa asilimia 78 kuliko wa anayekwenda 60, na Noah yenye makapu na magodoro juu ya paa hali yake ni mbaya zaidi. Lakini huo ni upepo tu. Msuguano wa matairi haubadiliki sana, kwa hiyo mafuta hayapungui kwa kiwango hicho. Na muda? Kilomita 10 kwa mwendo wa 80 ni dakika saba na nusu, kwa 60 ni dakika kumi. Umepoteza dakika mbili na nusu. Basi.

Panapoharibika khasa ni pale dereva anapokanyaga mafuta na kupiga breki, kukanyaga na kupiga. Gari ya abiria ya shamba iliyojaa, tuseme tani tatu, kila ikitoka 50 kwenda 80 hutumia dizeli kama vijiko vitatu vya kulia ili kupata mwendo huo tu. Breki ikishikwa, vijiko vile vimegeuka joto la ngoma na vumbi la breki, na vumbi hilo nalo tunalivuta puani. Ndiyo maana tochi ya sehemu moja haisaidii hewa. Madereva hupigiana taa, wote wanashuka mpaka 50, wakishampita askari wanakanyaga tena ili kufidia. Hapo moshi umeongezeka. Uholanzi na Uingereza hutumia pia kamera mbili: moja inapiga picha namba ya gari mwanzoni mwa kipande, nyingine mwishoni, kisha kompyuta inagawanya umbali kwa muda. Ukifika mapema kuliko inavyowezekana kihalali, umenaswa, hata kama mbele ya kamera ulipita kwa adabu.

Matuta nayo yana dosari hiyohiyo, ingawa yale ya Jozani nayatetea. Yaliwekwa kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa na magari, na vifo vyao vikapungua. Lakini kupanga tuta baada ya tuta ndani ya kijiji, kisha kujigamba kwamba tumepunguza moshi, hilo siliafiki. Dereva mjuzi huondoa mguu kwenye mafuta mapema, anaacha gari ijipunguze yenyewe, anaingia gia ya pili kabla ya tuta, halafu anapanda taratibu. Anayelazimisha gia ya nne akitoka tutani utamjua: moshi mweusi unamtoka nyuma, kwa kuwa dizeli imezidi na hewa haitoshi. Chujio la hewa lililoziba au nozeli zilizochakaa hufanya vivyo hivyo hata kwa mwendo wa 30. Moshi wa buluu ni kesi nyingine, hiyo ni oili inaungua, ipeleke gari kwa fundi aangalie ringi.

Narudi kwa dereva na hesabu yake. Dakika mbili na nusu alizoziiba kati ya Tunguu na Jozani, anakuja kuzimwaga zote kituoni Mwanakwerekwe, akisubiri gari ijae huku konda anaita abiria na injini inanguruma. Injini ya dizeli ya ukubwa ule, ikiwa imesimama tu, hula kiasi cha nusu lita mpaka lita moja kwa saa, na moshi wake unaingia moja kwa moja kwa mama muuza maandazi na wanafunzi wa skuli waliosimama ubavuni. Kuyapanga magari yaondoke kwa zamu na kwa saa kungempunguzia dereva sababu ya kukimbizana na mwenzake.

Mwulize kwa nini hazimi. Mara nyingi jibu si ukaidi: betri imechoka au stata inagoma, akizima itabidi abiria washuke wasukume. Betri na stata ni mali ya tajiri, na tajiri anataka hesabu yake jioni kabla hajasikia habari ya vipuri.