Ruta Tatu kwa Kaya Tatu, na Moja Isiyo ya Mtu
Kiwanja chetu cha Tabata, Dar es Salaam, kina nyumba tatu, ya mama, ya kaka na familia yake, na ya mpangaji, na zote zinatumia laini moja ya intaneti ya faiba. Malipo tulikubaliana upesi. Kilichohitaji kufikiriwa ni namna ya kutumia laini hiyo bila vifaa vya kaya moja kuonekana na nyingine.

Mafundi wengi hufunga ruta ya kwanza (kifaa cha kugawa intaneti) katika nyumba inayopokea faiba, kisha huvuta waya hadi kwenye ruta ya nyumba ya pili. Intaneti hupatikana, lakini ulinzi wake ni wa upande mmoja: ruta ya nyuma, yaani ya nyumba ya pili, huyakataa maombi yanayoingia bila kuitwa, ilhali vifaa vilivyo nyuma yake vinaweza kuifikia printa au kamera ya nyumba ya mbele, kwa sababu njia yao ya kwenda nje inapita humo humo. Mwenye laini, ambaye aghalabu ndiye mwenye nyumba, ndiye anayebaki wazi mbele ya mpangaji wake.

Kwa hiyo tuliweka ruta kuu isiyo ya kaya yoyote. Wi-Fi yake imezimwa, na kazi yake ni kupeleka intaneti kwa waya kwenye ruta tatu zenye hadhi sawa, kila moja ikiwa na jina na nywila yake. Waya huo lazima uingie kwenye tundu la WAN la ruta ya nyumba, yaani la kupokea intaneti kutoka nje. Ukichomekwa kwenye tundu la LAN, yaani la vifaa vya ndani, ruta mbili zitagawa anwani (namba zinazotambulisha kila kifaa) katika mtandao mmoja, na simu zitaunganishwa leo na kukataa kesho bila sababu inayoonekana. Anwani nazo zisifanane: ruta kuu inatumia 192.168.1.1, na nyumba zinatumia 192.168.10.1, 192.168.20.1 na 192.168.30.1. Katika Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 tulizipa ruta za nyumba chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani.

Mpangilio huu una gharama yake, kwani anwani hubadilishwa mara mbili kabla ya kutoka nje, jambo linaloweza kusumbua baadhi ya michezo ya mtandaoni na kamera zinazotazamwa moja kwa moja kutoka mbali. Kwangu mimi hiyo ni bei ndogo. Ukomo wa kasi wa kila nyumba huwekwa kwenye ruta kuu, na anayeshika nywila ya kuisimamia awe mtu anayeaminiwa na kaya zote (kwetu ni mama, ingawa mibonyezo ni yangu).

Limebaki suala la umeme. Kila nyumba ina Luku yake (mita ya umeme wa kulipia kabla), hivyo uniti zikiisha katika nyumba yenye ruta kuu, kaya zote tatu hukosa intaneti. Ndiyo maana ruta hiyo na kifaa cha faiba vimeunganishwa kwenye betri ndogo ya akiba, iliyonunuliwa kwa mchango wa wote.