Pampu ya samaki

Jumapili, saa nne usiku. Mwanga, Kigoma.

Leo nimeshinda nyumbani na pampu ya samaki. Ni ile aliyoniachia baba mdogo, ya plastiki ya bluu iliyopauka, inaenea kiganjani, na bado inanguruma ukiichomeka. Wasio wa huku watashangaa, maana samaki wa Kigoma ni wa kula: migebuka, dagaa, kuhe. Baba mdogo hakuvua wa kula. Alikuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo. Alikuwa akizama na wavu kwenye miamba, anaibuka na visamaki vya mistari, urefu wa kidole, na bibi akiviona anaguna: "Hivi hata paka atakusuta."

Visamaki hivyo vilikuwa vinakwenda Ulaya na Marekani. Likizo nilimsaidia kufungasha: maji kidogo kwenye mfuko, samaki ndani, mfuko unajazwa oksijeni kutoka kwenye mtungi, unafungwa kwa mpira, unapangwa kwenye boksi. Wakisubiri safari walikaa kwenye matangi, na pampu kama hii ikiwapulizia hewa usiku na mchana. Kazi yangu ilikuwa kuamka usiku kuangalia kama mapovu yanatoka. Mapovu yakikata, asubuhi hakuna mzigo.

Sasa mimi ni fundi wa vifaa tiba, na wiki hii nimesoma kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, kule Houston, walichukua pampu za matangi ya samaki wakazifunga ndani ya kiboksi cha plastiki cha kuwekea viatu, ili mtoto njiti apate kupumua. Nilicheka peke yangu. Halafu nikasoma tena, polepole.

Profesa wao ni Rebecca Richards-Kortum. Amezaliwa Nebraska mwaka 1964, akasoma fizikia, akapata udaktari wa falsafa chuo cha MIT, hukohuko Marekani, mwaka 1990, kisha akafundisha Texas. Miaka mingi kazi yake ilikuwa mwanga: kumulika mlango wa kizazi na kusoma, kwa namna tishu inavyourudisha ule mwanga, kama saratani imeanza. Kazi nzuri, ya maabara nzuri. Mwaka 2005 akahamia Rice, na pamoja na mhandisi mwenzake Maria Oden wakaanza kuwapa wanafunzi maswali yanayotoka hospitali za Afrika. Moja lilitoka Blantyre, Malawi: vichanga wanakufa kwa kushindwa kupumua, na mashine ya kuwasaidia, kwa bei ya Marekani, ni kama dola 6,000.

Tatizo la njiti ni hili. Mapafu yake hayajapata ule ute unaozuia vifuko vya hewa kugandana. Mnakumbuka mifuko ya rambo, kabla haijapigwa marufuku 2019? Ukiulowesha ndani ukaubana, kuta zinashikana, kuufungua tena ni kazi. Ndivyo mtoto anavyohangaika kila pumzi, mpaka anachoka. Dawa yake ni kutoyaacha mapafu yafunge kabisa: hewa inaingia puani kwa mfululizo, na mrija wa kutokea unazamishwa kwenye chupa ya maji. Ukiuzamisha sentimita 5, hewa haitoki mpaka ishinde uzito wa maji ya sentimita 5, na hilo ndilo shinikizo linalobaki kifuani kwa mtoto. Muuguzi anajua inafanya kazi kwa kuangalia mapovu. Mapovu!

Kile kiboksi baadaye kilitengenezwa vizuri, kikauzwa kwa karibu dola 800. Katika utafiti wa Blantyre uliochapishwa 2014, vichanga waliowekewa walipona 71%, waliopewa oksijeni peke yake 44%. Waliiita Pumani, kwa Kichewa ni kupumua kwa utulivu. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Pumua, pumzi, pumzika: ni shina lilelile.

Tuzo za profesa huyo ni nyingi, nimeziruka. Moja tu niliirudia: ya Lemelson-MIT ya 2013, dola 100,000, ambayo yeye na Oden waliielekeza kwenye wodi ya vichanga kulekule Blantyre.

Nimeisoma habari hii nikiwa na kidonda changu. Miaka iliyopita, mahali ambapo sitapataja, tuliletewa mashine ya msaada, nailoni bado iko kwenye kioo. Niliichomeka mimi mwenyewe, kwa haraka, bila kusoma kibandiko cha nyuma. Volti 110. Ukutani kwetu ni 230. Harufu ya plastiki ilitangulia kabla taa haijawaka.

"Fundi, imekuwaje?" akauliza sista wa zamu.

"Imekufa."

"Basi?"

"Basi, sista."

Hakunilaumu. Alimchukua mtoto, akamrudisha kifuani kwa mama yake, akawafunga pamoja kwa kanga, akaenda kuangalia mtungi umebaki na kiasi gani.

Kwa hiyo nikisoma kuhusu mvumbuzi, sikai muda mrefu kwenye uvumbuzi. Kila mashine inayovuta hewa ina chujio, na vumbi la kiangazi cha Kigoma halijali nani ameitengeneza. Niliridhika kidogo kuona mradi wao wa huduma za vichanga, NEST360, ambao ulianzia Malawi, Kenya, Nigeria na hapa Tanzania, unafundisha wauguzi na mafundi pia, haugawi mashine tu.

Jioni niliiunganisha ya baba mdogo. Mrija, chupa ya maji, alama za kalamu kila sentimita. Binti yangu akachuchumaa mezani.

"Baba, samaki wako wapi?"

"Hakuna samaki. Hesabu alama."

"Moja, mbili, tatu..." Alifika tano, umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Nikawasha tochi ya simu, tukaona maji yakiingia kwenye mrija, yanapanda mpaka yakalingana na ya nje, yakatulia.

"Washa," akasema.