Mikono inayongoja chai

"Hii mikono ya mtu anayengoja chai."

Tangu Jumapili maneno hayo hayanitoki. Nikifunga hesabu za duka, yapo. Nikikoroga uji wa Nasra, yapo. Jana nimemjibu mteja "asante mama" na mteja mwenyewe mwanamume ana ndevu.

Mama mkwe hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Wale mliokuwepo tangu ile habari ya pilau mnajua anavyosema kwa ubaya: huanza na "mimi sisemi kitu". Safari hii hakuanza hivyo. Alichukua daftari langu, akalisogeza karibu na jicho la kushoto, maana la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, akalipeleka mbali, akalirudisha.

"Mama Nasra, huyu nani?"

"Ni wewe, mama. Mikono yako, unasuka ukili."

Akatazama tena. "Mikono ni yangu, naijua. Mishipa hii yangu, na kovu hili la kisu langu. Ila haisuki. Hii mikono ya mtu anayengoja chai."

Akanirudishia daftari, akauliza kama dagaa wameshaoshwa.

Basi. Hayo tu. Na ile mishipa nilikuwa nimeitia kivuli kwa penseli ya 4B jioni baada ya jioni, naipapasa taratibu kwa ncha ya kitambaa, hadi Baba Nasra akauliza kama nimeanza kazi ya pili.

Nilipoiweka kwenye status, watu walisema vizuri. "Umetisha." "Kumbe ofisini tuna msanii." Mioto imejaa. Bosi akaniuliza kama naweza kumchorea nyumba yake, na kwa jinsi alivyouliza nikajua hapo hakuna hela. Nilishukuru wote, na kwa kweli nilifurahi, lakini siwezi kuwakumbukia hata neno moja zaidi ya hayo. "Umetisha" ni tamu, ila kesho yake ukishika penseli haikuambii uanzie wapi.

Mimi ni zao la michoro ya Baiolojia. Mstari mmoja usiokatika, penseli iliyochongwa vizuri, kivuli marufuku, na mistari ya majina isipitane. Mchoro wangu wa moyo uliwahi kubandikwa ukutani kidato cha tatu. Moyo ule haukuwa ukidunda, wala hakuna aliyetarajia udunde. Baada ya shule nikaingia kwenye hesabu za watu, penseli ikawa ya kutia tiki kwenye stakabadhi, mpaka Januari hii nilipokwenda kumnunulia Nasra vifaa vya shule nikajikuta nimeshika na zangu. 2B, 4B, 6B. Muuzaji akasema hizo za wachoraji, mama, mtoto atachafua daftari. Nikamwambia ndiyo, anazipenda.

Jumatatu usiku nilikuwa namjibu mama kitandani, kimoyomoyo. Nikamwambia: mama, kuna Mjerumani mmoja, Albrecht Dürer, mwaka 1508 alichora mikono miwili, kiganja kwa kiganja, kwa brashi na wino kwenye karatasi ya buluu. Haifanyi kazi yoyote. Na hadi leo imetunzwa kwenye makumbusho ya Albertina kule Vienna. Nikasikia na jibu lake, kwa sauti yake kabisa: "Hiyo inaomba dua. Kuomba si kungoja." Hata mabishano ninayoyatunga mwenyewe ananishinda.

Jumatano akafanyiwa upasuaji wa jicho, likatoka salama, alhamdulillahi. Alhamisi Baba Nasra akapokea barua ya uhamisho wa Korogwe. Mimi nilikuwa nafikiria chai.

Ijumaa usiku nikaifungua ile picha ya kwenye simu niliyochoria. Nilitumia picha kwa sababu mikono ya mama haitulii. Siku ile nilimwambia, "Mama, tulia kidogo nikupige," naye akatulia. Baba Nasra akachungulia juu ya bega langu, akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza pembeni.

"Hili si birika?"

Nyuma ya goti la mama, kipande cha jiko la mkaa, na juu yake birika. Kwenye mchoro jiko sikuliweka, wala yeye jicho lake lisingemwonyesha picha ndogo ya kwenye simu. Alisoma mikono tu. Baba Nasra alicheka mpaka mtoto akaamka. Mimi nilichelewa kuanza, lakini nilipoanza ikawa tabu kuacha.

Leo asubuhi nikakaa naye barazani, simu nimeiacha ndani. Amevaa miwani myeusi aliyopewa. Amekatazwa kuinama, kunyanyua vitu vizito na kupekecha jicho. Kusuka hakuna aliyemkataza, au hakuuliza. Ukindu aliokuja nao kutoka Pangani ameshauchana, mwingine ameutia rangi ya zambarau. Anasuka uso ameuelekeza barabarani, huku ananisimulia ugomvi wa mirathi wa kwao, nani kachukua minazi, nani kaachiwa madeni.

Ndipo nikaliona dole gumba. Kwenye mchoro wangu lilikuwa limelala juu ya ukili, zuri, lina kivuli chake. Kumbe halina nafasi ya kulala. Ukindu ukifika ukingoni unakunjwa urudi ndani, na kila unapokunjwa dole gumba ndilo linaloubana, ukucha unakuwa mweupe, kisha linaachia kabla hujaliwahi. Vidole vingine vinapitisha, juu, chini. Ukindu mmoja ukikaribia kuisha anachomeka mwingine palepale, na minazi ya watu haisimami.

Nikaacha kuchora mikono, nikachora dole gumba tu. Likikunja, likibana, likiachia. Mistari inakatika, naipitia tena, mingine inakwenda pabaya naiacha hukohuko. Mwalimu wangu wa Baiolojia angeupiga kalamu nyekundu ukurasa mzima. Nikaujaza, nikageuza nyuma, nikaendelea na upande wa pili. Hakuna hata moja la kuweka status, na sijafurahi hivi muda mrefu. Nasra akaja kuomba penseli, nikamnyima. Naandika hivyo bila aibu.

Mama akanyoosha mkono bila kuombwa. Akainua miwani, nikapiga kelele, akaishusha nusu. Akapitisha ukucha kwenye karatasi polepole, akayaruka yale niliyoyapenda, akasimama kwenye dole la pembeni lililobanana na ukingo wa karatasi. Ni mistari kama minne, basi.

"Hili linasuka."

Nikangoja. Namjua, hamalizi hapo.

"Ila ukili wake utapinda. Kakaza upande mmoja."

Akarudi kwenye minazi. Nami tangu hapo namtazama anavyovuta upande wa kushoto na wa kulia, nione kukaza kunakuwaje hasa, na bado sijaona vizuri. Kesho nitamwomba anishikishe mimi huo ukindu. Najua atanicheka, maana mwaka ule aliponifundisha niliishia kutoa kitu ambacho hata kuku hakukilalia.

Nilitaka kuwaandikia na habari za Korogwe, kama tunahama wote au anatangulia yeye. Lakini friji limeanza tena ule mlio wa mwaka jana, na fundi aliyelitengeneza amehamia Handeni. Ndani mna changu aliowaleta shemeji kwa ajili ya mgonjwa, wamejaa hadi mlango haufungi sawasawa, na kesho Jumapili. Mwenye namba ya fundi friji hapa Tanga mjini, asiyedai nauli kabla hajafika, tafadhali anitumie.