Tathmini ya athari za kijamii pwani: muulize mkwezi

Ushauri niliopewa na waliotangulia katika kazi hii ya kupima mradi unaochukua ardhi utawaathiri nani ni uleule: itisha mkutano wa kijiji, watu wasaini mahudhurio, jaza madodoso na wakuu wa kaya, rudi mjini ukaandike. Ripoti za namna hiyo nimezisoma nyingi, na nyingi zinaanguka palepale, kwenye mnazi.

Mwambao wa Tanga, shamba laweza kuwa la mtu mmoja na minazi iliyomo ikawa ya wengine watatu. Huyu karithi, yule kanunua miti bila ardhi, wa tatu kaishika rehani. Chini yake analima muhogo mtu aliyeazimwa, ambaye hathubutu kupanda mti wa kudumu, maana kupanda mti ni kudai shamba. Ukiuliza mkutanoni "shamba hili la nani?" unatajiwa jina moja, na wala hujadanganywa. Jina hilo ndilo linaloingia kwenye fomu ya uthamini. Fidia ikitoka, ugomvi unaanza.

Mimi huzunguka na mkwezi. Yeye hulipwa kwa mti, basi anajua kila mnazi wa nani, upi unazaa, upi umekoma, na nazi zikishuka zinakwenda nyumba gani. Huangua kila miezi mitatu hivi, kwa hiyo hata mwenye miti anayeishi Dar es Salaam namba yake anayo. Kila kundi la miti nalipiga GPS na kuandika safu tatu: mwenye ardhi, mwenye miti, anayelima chini. Ujira wake haufiki hela ya mafuta ya gari ya siku moja, na bado kuna wahasibu wa miradi wanaomdai risiti!

Ufukweni mkwezi hafai. Wanawake wanaotanda uduvi na kuokota kome hutoka kwenye bamvua, maji yanapokupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Nenda maji mafu, yasipokupwa sana, utaandika "ufukwe hautumiki". Sentensi hiyo nimeikuta kwenye ripoti iliyokwisha pigwa muhuri. Nao nawakalisha peke yao, tunachora duara 12 mchangani, moja kwa kila mwezi, wanaweka punje za mahindi kulingana na kipato. Waume wakiwapo, punje hupungua.

Kanuni za fidia za 2001 zina posho ya usumbufu, usafirishaji wa tani 12 hadi kilomita 20, na kodi ya nyumba ya miezi 36. Uduvi haumo. Uingize kwenye mpango wa kurejesha kipato, hasa kama mkopeshaji wa mradi anafuata viwango vya IFC, Shirika la Fedha la Kimataifa la Benki ya Dunia: cha tano kinamtambua hata asiye na hati.

Halafu miche. Minazi hupandwa kwa nafasi ya mita 8 au 9. Ukiikuta hatua mbilimbili, imepandiwa mthamini. Piga picha siku ya kwanza, na tarehe ya ukomo, ambayo kinachopandwa baada yake hakilipwi, itangazwe msikitini na gulioni pia. Wenye minazi wengi hawapiti kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.