Siku Yangu Moja na Kioo cha Darubini, Joto la Mombasa Likiwa Bosi

Saa kumi na nusu alfajiri. Kibokoni kungali giza, nami niko macho kwa sababu ya lami. Sahani yangu ya kung'arishia kioo cha darubini imemwagiwa lami ya msonobari, ikakatwa miraba, na lami hiyo ndiyo inayonipangia ratiba. Alfajiri inashika umbo. Adhuhuri inatambaa, mifereji kati ya miraba inazibika, ukingo wa kioo unainama. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa vyumba vya nyuzi 20. Mombasa mwezi wa Februari nyuzi hizo huzioni hata usiku. Basi lami nimeichemsha zaidi ili iwe ngumu, na nafanyia chumba cha chini, penye kuta nene za matumbawe.

Naweka kioo juu ya sahani, tofali juu yake, naenda kuswali. Nikirudi, lami imeshalala sawa na kioo.

Saa kumi na mbili. Oksidi ya seriamu, yaani unga wa kung'arishia, maji kidogo, kazi. Nasukuma mbele, navuta nyuma, nazungusha kioo kidogo, napiga hatua kulizunguka pipa lililojaa mchanga. Siri yote iko kwenye kuzunguka huko. Nyuso mbili zikisuguana kila upande bila mpangilio, umbo pekee linaloweza kugusana popote ni la tufe, kwa hiyo tufe linajitengeneza lenyewe. Kioo changu kina kipenyo cha milimita 150, na bonde lake la katikati kina chake hakifiki hata milimita moja na robo. Hilo lilichimbwa kwa kaborandamu, unga mkali wa kusagia, ule wa chembe kubwa wa namba 80 kwanza, kisha laini zaidi. Wengi hudhani hapo ndipo penye ugumu. Pale ni jasho tu.

Saa mbili. Mahamri, mbaazi, na mzee jirani mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, kioo hicho wakisugua hadi lini?"

"Hadi kikubali."

"Kikikubali waona nini?"

"Pete za Zohali, inshallah."

Akacheka, akamega hamri langu.

Saa tatu hadi saa kumi na moja niko kibandani Mwembe Tayari natengeneza simu. Kioo nimekifunika, joto hili si la kukigusa.

Saa tatu usiku, kipimo. Kinatokana na Mfaransa Léon Foucault, aliyekieleza mwaka 1858, na vifaa vyake ni taa yenye tundu dogo na wembe. Nakaa mita 2.4 kutoka kwenye kioo, nakata mwanga unaorudi, na mabonde yasiyoonekana kwa macho yanajitokeza kama vivuli. Kioo hakijapakwa fedha wala alumini, kinarudisha kama asilimia 4 tu ya mwanga, na inatosha. Mpwa wangu alibonyeza kidole kwenye kioo kidogo tu, akaja kuchungulia: kilima kimeota pale pale, kwa joto la kidole! Alitaka kurudia, nikakataa, maana kilima huchukua muda kutulia.

Tufe pekee halitoshi, darubini yataka parabola, bakuli lililozama kidogo zaidi katikati. Kwa parabola, nikisogeza taa na wembe pamoja, tofauti ya mahali wembe unapokata mwanga wa katikati na wa ukingoni iwe karibu milimita 1.2. Leo nasoma 0.8, na ukingo haujainama. Kesho alfajiri nitasukuma kwa mapana zaidi, kioo kikiwa juu, katikati pazame kidogo tena. Dakika chache, kisha nipime usiku.