Jioni Tulipofungua Boksi la Dark Sun

Kilichonishika kwanza hakikuwa picha. Kilikuwa jedwali dogo la silaha ndani ya kitabu cha kanuni cha Dark Sun, ulimwengu wa kubuni wa mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika na dadu huamua matokeo. Jedwali lina mistari minne: chuma, mfupa, jiwe au obsidiani, na mti. Silaha ya chuma haipunguziwi kitu. Ya mfupa inapunguziwa 1 kwenye dadu ya kushambulia na 1 kwenye madhara. Ya jiwe, 2 kwenye kushambulia na 1 kwenye madhara. Ya mti, 3 na 2. Chini yake kuna kanuni nyingine: silaha isiyo ya chuma ikitoa madhara ya juu kabisa inayoweza kutoa, kuna nafasi moja kati ya ishirini kwamba imevunjika palepale. Yaani pigo lako bora kuliko yote ndilo linaloweza kukuacha mikono mitupu.

Tulikuwa wachezaji watano mezani, wote tumezoea dunia za misitu, ngome za mawe na masanduku ya dhahabu. Boksi lenyewe lilitolewa na kampuni ya TSR mwaka 1991, kwa ajili ya toleo la pili la mchezo wa Advanced Dungeons & Dragons. Walioubuni ulimwengu huo ni Timothy B. Brown na Troy Denning, na mchoraji Brom ndiye aliyeupa sura yake: ngozi zilizoungua, mifupa iliyogeuzwa ngao, jua jekundu lililochoka. Siku tuliyolifungua lilikuwa la zamani tayari, kona zake zimepauka. Ndani mlikuwa na vitabu viwili, kimoja cha kanuni na kingine cha kueleza nchi kwa sauti ya msafiri, pamoja na ramani kubwa na kisa cha kuanzia. Kisa hicho kiko katika vijitabu viwili vilivyofungwa kwa waya, kimoja cha msimamizi wa mchezo, yaani anayesimulia kisa, na kingine cha picha za kuwaonyesha wachezaji.

Tahadhari kwa anayelitafuta leo: boksi halijitoshelezi. Linadai uwe na vitabu vya msingi vya toleo la pili, na pia kitabu cha nguvu za akili kilichouzwa peke yake, kwa sababu huko karibu kila mhusika huzaliwa na kipaji fulani cha akili. Sisi hicho cha mwisho hatukuwa nacho. Vipaji tukaviacha, na mchezo ukapungua ladha.

Kutengeneza wahusika ndiko tulikokosea zaidi. Mwenzetu mmoja alirusha dadu tatu za pande sita kwa mazoea. Kanuni za Dark Sun zinataka dadu tano za pande nne kwa kila sifa ya mhusika, kama nguvu au uimara wa mwili, kwa hiyo alama zinatoka 5 hadi 20 na wastani ni 12.5 badala ya 10.5. Tena wahusika wanaanzia ngazi ya tatu, si ya kwanza. Huo si upendeleo. Wanyama na watu wa Athas, ndivyo dunia hiyo inavyoitwa, wamepimwa kwa kipimo hicho hicho, na mhusika aliyetengenezwa kwa dadu za kawaida hamalizi pambano la kwanza. Ilibidi karatasi ile ichanwe.

Kisha kuna mti wa wahusika. Kila mchezaji anaandika wanne: mmoja yuko mchezoni, watatu wanangoja. Huyo wa mchezoni akipanda ngazi, mmoja wa wanaongoja naye anapanda. Jioni ile tuliandika mmoja mmoja tu, tukasema wengine baadaye. Usifanye hivyo. Mhusika atakufa, na pale ndipo mtakaa saa nzima mkirusha dadu wakati wenzenu wanasubiri. Mti uliwekwa kwa sababu waandishi walijua vifo vitakuwa vingi.

Bei nazo zilituchanganya. Kitu kisicho na chuma kinauzwa kwa asilimia 1 ya bei iliyoandikwa kwenye kitabu cha msingi. Cha chuma kinabaki na bei yake kamili. Fedha ya kila siku ni vipande vya kauri, na vipande 100 ni sawa na sarafu moja ya dhahabu. Basi mkoba wa mgongoni wa dhahabu 2 unakuwa kauri 2, ilhali upanga mrefu wa chuma wa dhahabu 15 ni kauri 1,500. Ukishaona hesabu hiyo unaelewa mji wa Tyr bila kusimuliwa: una machimbo ya chuma, na mfalme wake Kalak anawamaliza watumwa akijenga piramidi yake. Miji ya namna hiyo ni saba, na kila mmoja una mfalme mchawi wake. Miungu hakuna. Makuhani wanategemea moto, maji, upepo na udongo.

Hapa nina msimamo. Anza na boksi hili la 1991. Ndani yake Kalak bado yuko hai na piramidi haijakamilika. Vitabu vilivyofuata vinamwangusha, na toleo lililorekebishwa la 1995 linayachukua hayo kama historia iliyopita. Ukianzia huko umepokonywa nafasi ya kuwa pale yanapotokea.

Mchawi wetu aliuliza kwa nini lazima achague upande kabla ya kuandika uganga wake wa kwanza. Jibu liko kwenye majani. Uchawi wa Athas hunyonya uhai wa mimea. Mharibifu hunyonya bila kipimo: anapanda ngazi haraka kuliko mwenzake, na anaacha duara la majivu ambalo upana wake unategemea ukubwa wa uganga na aina ya ardhi. Mhifadhi huchukua kiasi ambacho mmea unaweza kuvumilia, na hupanda polepole. Jangwa lote lile lililo kwenye ramani ni kazi ya waharibifu. Alichagua kuwa mhifadhi, akakaa kimya kwa muda.

Kalenda niliipitia wakati wengine wakinunua vifaa. Miaka haina namba, ina majina ya sehemu mbili. Sehemu moja hutoka katika mzunguko wa maneno 11, nyingine katika mzunguko wa maneno 7, na yote mawili husogea hatua moja kila mwaka: Ghadhabu ya Ral (Ral ni mwezi wa angani huko Athas), Tafakuri ya Rafiki, Kisasi cha Jangwa, na kuendelea. Kwa kuwa 11 na 7 hazina kigawo cha pamoja, jina halijirudii hadi ipite miaka 77. Nilichora magurudumu mawili ya karatasi nikayabana kwa pini katikati, na tangu hapo mwaka wowote uliweza kutafutwa kwa kidole.

Kisa cha kuanzia kinawakuta wahusika wakiwa watumwa katika msafara, kwa hiyo vifaa vyote tulivyonunua tulivifuta. Tulipofanikiwa kutoroka, msimamizi wetu hakuuliza tuna silaha gani. Aliuliza tuna maji kiasi gani. Mtu anayetembea juani anahitaji galoni moja kwa siku, karibu lita 3.8, aliyetulia kivulini anahitaji nusu. Asiyepata hupoteza alama za uimara wa mwili, na zikiisha amekufa. Tulikuwa watano, tuna galoni 6, na Tyr, kwa maneno yake, ilikuwa mwendo wa siku mbili. Kutembea mchana kungetaka galoni 10. Tukahesabu tena: kulala chini ya miamba mchana na kutembea usiku, galoni 5. Inabaki moja.

Tukaandika "usiku" kwenye karatasi, na msimamizi akafunua picha ya pili.