Vijiti vya Ami

Ami yangu aliwahi kuwinda popo, kisha akaja kuwahesabu. Siku aliyonichukua msitu wa Ngezi, kisiwani kwetu Pemba, kwa mara ya kwanza sikuyajua yote mawili. Nilichojua ni kwamba kaniambia nivae suruali ndefu, nisivae kandambili, na kwamba tungerudi usiku.

Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 2000. Nilikuwa na miaka 12, nimetoka kwetu Wete kwenda Konde kukaa kwake, mdogo wa baba yangu. Ngezi nilikuwa nikiipita tu. Ukiondoka Konde kwa njia ya Makangale, mashamba yanakusindikiza kwa muda, mikarafuu juu ya vilima na mpunga mabondeni, halafu mara jua linazimika: miti ya pande mbili imekutana juu ya barabara. Ndani ya gari ya abiria, watu waliokuwa wakipiga soga tangu Konde walinyamaza pale mpaka tutokee upande wa pili. Bibi alikuwa akisema Ngezi ina wenyewe. Mimi nikipita nilikuwa nafumba macho, nikiyafumbua najua bahari ya Vumawimbi haiko mbali.

Tulitoka baada ya sala ya adhuhuri, mimi nimekaa kwenye karieri ya baiskeli, nimekumbatia kikapu chenye muhogo wa kuchemsha, kipande cha papa na chupa ya maji. Vilima vya Pemba si virefu, ila vinafuatana: ukishuka kimoja, cha pili kinakungoja ng'ambo ya bonde. Kila mpando tulishuka, ami akasukuma baiskeli, mimi nikasukuma kwa nyuma. Njiani hakusema mengi. Kwenye bonde la mwisho alisimama, akakata kijiti cha mti, akakivunja vipande vidogo vidogo, akanipa nitie mfukoni. "Vitunze," alisema. "Ndiyo kazi yako ya leo."

Langoni kwa msitu tulimkuta mlinzi.

"Kheri, bwana?"

"Kheri. Leo umekuja na msaidizi?"

"Mtoto wa kaka yangu. Macho yake mazima kuliko yangu."

Mlinzi aliniangalia, akacheka, akatufungulia njia. Baiskeli tuliiacha kwake.

Nilitarajia giza na kitisho, nikakuta ubaridi. Hilo ndilo la mwanzo ninalolikumbuka, ule ubaridi uliokuwa ukipanda kutoka ardhini mpaka magotini, wakati nje jua la Juni lilikuwa linachoma. Miti mingine ilikuwa na mizizi iliyosimama kama kuta, mtoto wa umri wangu anajificha asionekane. Ami alinionesha mnazi-mwitu mwembamba wenye pete shinani. "Huu mpapindi," akasema. "Hauoti pengine popote duniani ila Pemba. Jamaa zake wengi wako Bukini." Sikujua Bukini ni wapi. Aliponiambia ndiyo Madagaska, nilijaribu kufikiria mti ukivuka bahari yote ile, nikashindwa.

Tulipita na mahali ambapo msitu ulikatika ghafla tukatokea kwenye mchanga mweupe kama wa pwani, na vichaka vya majani madogo makavu kama sindano. Nilikuja kujua baadaye, nikiwa mtu mzima, kwamba jamaa wa vichaka hivyo wanaota juu sana Kilimanjaro, kwenye baridi. Nao wako hapa, karibu na usawa wa bahari, katikati ya msitu wa mvua, hatua chache kutoka kwenye madimbwi ambayo maji yake ni meusi kama chai ya rangi. Nimetembea sehemu nyingi tangu siku ile na sijaona mahali padogo namna ile pakabeba vitu vingi hivyo.

Ami alikuwa akisema Pemba nzima ilikuwa hivi. Najua leo kwamba hakutia chumvi sana. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika biashara ya karafuu, na kila kilima kilichoweza kuota mkarafuu kilifyekwa. Ngezi ni kipande kilichobaki. Mimi mikarafuu imenisomesha, siwezi kuisema vibaya. Lakini nikisimama juu ya kilima chochote cha Pemba huwa nauliza kilichokuwa pale kabla.

Malalo ya popo tuliyasikia kabla ya kuyaona: kelele za ugomvi, kama soko la samaki mashua zinapofika. Kisha harufu nzito ya matunda yaliyochacha. Ami alinishika bega, tukakaa chini ya mti, akanielekeza juu kwa kidevu.

Mwanzo niliona majani makavu yaliyoning'inia. Halafu jani moja likajikuna.

Walikuwa wakubwa. Popo wa Pemba akikunjua mbawa zake anakaribia mita moja na nusu, kuliko urefu wangu wa siku zile. Mabega yao yalikuwa na rangi ya dhahabu iliyoiva, nyuso zao kama za mbwa wadogo, na kwa vile jua lilikuwa kali walikuwa wakijipepea kwa bawa moja taratibu, kama mabibi kwenye maulidi. Ami alininong'oneza kwamba popo wa jamii hii bara hawapo kabisa, wala Unguja. Ukivuka mkondo wa Pemba humkuti tena.

Ndipo akaniambia. Hakunitazama, alikuwa anatazama juu.

"Nilikuwa nawapiga, mimi. Kwa bunduki ya marisau. Ukipiga mara moja kwenye mti uliojaa wanaanguka wengi, wala huhitaji kulenga. Nyama tulikuwa tunauza."

Nikamuuliza kama alikuwa akipata wengi.

"Wengi. Siku moja nimeokota jike, kifuani ana mtoto, mtoto mzima, kashikilia nyonyo. Hawazai kama panya, hawa. Kitoto kimoja kwa mwaka, basi." Akanyamaza kidogo. "Sikuacha siku ile. Ningekwambia niliacha siku ile ningekudanganya. Niliacha siku nilipokwenda miti mitatu niliyoizoea na sikukuta hata mmoja."

Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu waliofika Pemba wakati ule walikuta popo wachache mno, na mwaka 1996 popo wa Pemba aliwekwa katika orodha ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka duniani. Kisha watu wa vijiji, kwa kushirikiana na idara ya misitu, wakaanza kuyalinda malalo na kuwahesabu. Ami alikuwa miongoni mwao. Nafikiri, na nimelifikiria sana, kwamba hawakuweza kupata mtu bora. Alijua miti wanayoipenda, alijua upepo gani unawahamisha, alijua wanatoka upande gani jua likizama. Yote hayo aliyajua kwa sababu aliwahi kuyahitaji kwa kazi nyingine.

Tulikula muhogo wetu, tukangoja. Ilipokaribia saa kumi na mbili na robo kelele zilipungua. Ami alinieleza kazi: yeye anahesabu kwa mdomo, kila akifika kumi ananigusa goti, nami natoa kijiti mfuko wa kulia natia wa kushoto. "Usitazame juu. Juu natazama mimi."

Wa kwanza aliachia tawi, akadondoka kama embe, kisha akafungua mbawa. Wakafuata wawili, wakafuata watano. Nilihisi mkono wa ami gotini, nikahamisha kijiti. Tena. Tena. Mbawa zao zilikuwa na sauti kama ya kanga inayokung'utwa baada ya kuanuliwa, na sauti ile ilipita juu ya kichwa changu karibu mno, nikanyanyua uso.

Alikuwa jike, amebeba mtoto. Alipita chini, naona kitoto kimejibandika tumboni mwake, kichwa chake kidogo kimegeuka upande wetu. Mbingu nyuma yao ilikuwa ya rangi ya embe boribo, na walikuwa wanamiminika mamia, upande wa mashamba, kwenda kwenye mikuyu na mishelisheli ya watu. Sijui niliangalia kwa muda gani. Niliposhtuka mkono wa ami ulikuwa umekwisha nigusa mara nyingi na vijiti vilikuwa mkononi mwangu, sijui ni vya kulia au vya kushoto.

Nililia. Nilidhani atanipiga.

Ami alivichukua vijiti vyote, akavirejesha kwenye mfuko wangu wa kulia. Akatandika kanga ya bibi aliyokuja nayo kikapuni, tukatawadha kwa maji ya chupa, tukasali magharibi pale pale kwenye njia ya msitu, mimi bado nashusha kwikwi.

Mlinzi alikuwa anatungoja na daftari.

"Wangapi leo?"

"Leo hatuna hesabu," ami alisema.

"Kadiria basi. Mia tatu? Mia nne?"

"Sikadirii. Andika hatukuhesabu. Tutarudi kesho."

Hakusema kwamba kosa ni langu.

Tulirudi Konde kwa miguu karibu njia yote, kwa kuwa baiskeli haikuwa na taa. Chini ya ile miti iliyokutana juu ya barabara, mahali nilipokuwa nikifumba macho, kulikuwa na sauti moja fupi: hu. Kimya kirefu. Hu. Nikamshika ami shati. Akasema ni bundi mdogo, naye ni wa Pemba tu, na mwenziwe yuko ng'ambo ya njia, nisikilize atajibu. Tulisimama gizani tukangoja. Akajibu.

Ami amefariki. Ilipofika mwaka 2008 popo wa Pemba walikuwa wanakadiriwa kuwa takriban 20,000, na mwaka huo walitolewa katika ile orodha ya hatari kubwa kabisa. Kesho yake, baada ya usiku ule wa bundi, tulirudi. Nilikaa chini ya mti ule ule nimeinamisha kichwa, macho kwenye magoti, na mbawa zilipopita juu yangu sikunyanyua uso. Mfuko wa kushoto ulipata vijiti 38, na popo saba juu yake.